Kuinua pikapu si kuiimarisha: Mambo ya kuzingatia kabla ya kubadilisha springi za mbele

WENYE pikapu wanaosafiri mara kwa mara katika barabara mbovu, hasa zile za kaskazini mwa Kenya, hulalamikia jambo moja: sehemu ya mbele ya gari huchakaa mapema kuliko walivyotarajia. Usukani huanza kutetemeka, matairi yakaliwa upande mmoja, na kila shimo likaja na mlio wa chuma kugonga chuma.

Wengi huamua kwamba dawa ni kuinua gari. Hulipeleka karakana, pua ikapandishwa sentimita kadhaa, nalo likatoka likionekana tayari kuvuka jangwa la Chalbi. Muda si muda matatizo yale yale hurejea, na mara hii gharama yake huwa kubwa zaidi.

Chanzo cha kosa hili ni kuchanganya mambo mawili. Kuinua gari ni kuongeza nafasi kati ya ardhi na tumbo la gari. Kuimarisha ni kuliwezesha gurudumu kufuata ardhi, kubeba uzito na kustahimili vishindo kwa saa nyingi bila kuvunja kitu. Gari linaweza kuinuliwa likawa dhaifu zaidi, na linaweza kuimarishwa bila kuongezwa urefu hata kidogo.

Suala hili si la urembo. Katika kaunti kama vile Marsabit, Turkana na Samburu, pikapu ndiyo hubeba dawa, mbuzi wa sokoni, mitungi ya maji na wakati mwingine mgonjwa mahututi. Kiungo cha gurudumu la mbele kikikatika, gurudumu hulala upande na dereva hupoteza uwezo wa kuongoza gari. Hata akinusurika, huenda akakaa siku nzima au zaidi akisubiri msaada mahali pasipo na karakana wala mtandao wa simu.

KAZI MBILI TOFAUTI

Ili kufahamu kinachopaswa kubadilishwa, ni muhimu kwanza kutofautisha kazi ya springi na ile ya shokomzoba.

Springi hubeba uzito wa gari. Gurudumu linapopanda jiwe, springi hubonyea na kuhifadhi nguvu ya kishindo kile. Tatizo ni kwamba nguvu hiyo lazima irudishwe. Springi ikiachwa peke yake, gari litadunda juu na chini kama mpira, na kila linapodunda tairi huachana na ardhi. Tairi lililo hewani haliwezi kufunga breki wala kukata kona.

Hapo ndipo shokomzoba inapohitajika. Ndani yake mna mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Springi inaponyooka, pistoni hulazimika kupita katika mafuta hayo mazito, na nguvu ya kudunda hugeuzwa kuwa joto. Kwa hivyo shokomzoba haibebi uzito wa gari; huituliza springi.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa mwenye kutaka kutumia pesa zake vyema. Gari lililolala pua kwa sababu ya uzito huhitaji springi. Gari linalodundadunda baada ya kupita tuta huhitaji shokomzoba. Kununua kimoja ili kutibu ugonjwa wa kingine ni kutupa pesa.

JOTO NDILO ADUI

Barabara ya changarawe ikipitwa na magari mengi hufanya vijituta vya mfululizo, mfano wa bati la kuezekea nyumba. Madereva wengi huviogopa kuliko mashimo, na wana sababu nzuri.

Chukua mfano wa barabara ambayo vijituta vyake vimepishana kwa sentimita 75. Gari likienda kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, kila gurudumu hupigwa takriban mara 22 kwa sekunde moja. Kwa saa nzima, hayo ni mapigo 80,000. Kila pigo huongeza joto kidogo katika mafuta ya shokomzoba.

Mafuta yakichemka kupita kiasi huwa mepesi na kutoa povu. Povu halina ukinzani, kwa hivyo pistoni hupita ndani yake kana kwamba hamna kitu. Dereva huhisi gari likianza kuelea na usukani kuwa mwepesi ghafla. Akipumzika kidogo na mafuta yakapoa, hali hurudi kuwa nzuri, na hapo hudhani kwamba ni barabara iliyobadilika. Hata hivyo, joto la aina hiyo likijirudia, mipira ya kuzuia mafuta huharibika na uvujaji huanza.

Kwa sababu hii, shokomzoba zinazofaa kwa safari ndefu za changarawe ni zile zenye mafuta mengi zaidi na gesi ya naitrojeni, ambayo hukandamiza mafuta ili yasitoe povu upesi.

Zipo za aina mbili kuu. Aina ya kwanza ina bomba moja. Mafuta yake hugusa ukuta wa nje moja kwa moja, kwa hivyo hupoa haraka. Udhaifu wake ni kwamba jiwe likiligonga bomba hilo na kulibonyeza, pistoni inaweza kukwama. Aina ya pili ina bomba ndani ya bomba. Hupoa polepole, lakini huvumilia kugongwa na mawe. Anayesafiri mwendo mrefu kwa kasi atafaidika na ile ya kwanza, ilhali anayetambaa penye miamba na vichaka anaweza kuridhika na ya pili.

FAHAMU AINA YA GARI LAKO

Pikapu zote hazikuundwa sawa, na ushauri unaofaa gari moja huweza kuharibu jingine. Kwa jumla, pikapu zinazovutwa na magurudumu yote manne zimegawika katika makundi matatu kwa upande wa mbele.

Kundi la kwanza ni zenye ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Pikapu za Land Cruiser za muundo wa 70, uliozinduliwa mwaka wa 1984, ni za kundi hili. Hadi 1999, mbele zilikuwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Tangu mwaka huo zikawekewa springi za koili, yaani waya mnene uliosokotwa, lakini ekseli nzima ikabaki.

Kundi la pili ni la magari ambayo kila gurudumu la mbele hujisogeza peke yake, huku uzito ukibebwa na fimbo ndefu ya chuma inayojisokota badala ya springi ya kawaida. Hilux nyingi zilizotangulia muundo wa 2004, pamoja na Isuzu D-Max za kizazi cha kwanza, zimo humu.

Kundi la tatu pia lina magurudumu yanayojitegemea, ila shokomzoba hupita katikati ya springi ya koili na kufungwa pamoja nayo kama kifaa kimoja. Hilux za kuanzia muundo wa 2004 na D-Max za kizazi cha pili ziko katika kundi hili.

Ekseli nzima hustahimili kuinuliwa zaidi. Magurudumu yanayojitegemea hutoa mwendo mwororo katika barabara kuu, lakini yana mipaka ambayo haiwezi kupuuzwa bila madhara.

HATARI YA NJIA YA MKATO

Njia ya bei nafuu ya kuinua gari la kundi la pili ni kukaza boliti inayoshikilia ile fimbo ya kujisokota. Kazi hiyo huchukua dakika chache na haihitaji kipuri chochote. Hata hivyo, kukaza boliti hakuiongezei fimbo nguvu. Chuma ni kile kile na ugumu wake haujabadilika. Kinachobadilika ni mahali gari linapokaa.

Katika kundi la tatu, njia ya mkato ni kuweka kipande cha chuma au plastiki ngumu juu ya springi. Kwa kuwa springi haikai penye gurudumu bali karibu na katikati ya mkono wa chini unaolishika gurudumu, kipande hicho huinua gari kwa karibu maradufu ya unene wake. Kipande cha milimita 25 tu huweza kuinua pua kwa takriban milimita 50.

Njia zote mbili hupora kitu ambacho wengi hawakifikirii: nafasi ya gurudumu kushuka. Gurudumu linahitaji kupanda linapokutana na jiwe, lakini pia linahitaji kushuka linapokutana na shimo. Gari likiinuliwa bila kubadilishwa shokomzoba, gurudumu hukaa karibu na mwisho wa kushuka kwake. Kila shimo basi huifanya shokomzoba kunyooka hadi kikomo na kugonga. Mlio huo wa chuma kwa chuma ndio ule ule ambao mwenye gari alikuwa akiukimbia.

Fauka ya hayo, shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele hulazimika kupinda kwa pembe kali zaidi. Vifuniko vya mpira vinavyohifadhi grisi ya viungo vyake hujikunja, vikasuguana na hatimaye kupasuka. Mchanga ukiingia, kiungo hakidumu. Boljointi, kiungo cha duara kinachofanya kazi mfano wa nyonga ya binadamu, nacho huchakaa haraka kwa kufanya kazi kikiwa kimeinama kupita kiasi.

Ndiyo maana kwa pikapu za kawaida za magurudumu yanayojitegemea, kiwango salama cha kuinua huwa milimita 40 hadi 50. Anayetaka kuzidi hapo hana budi kubadilisha mikono ya juu na kurekebisha mahali difu ya mbele inapokaa, na bado atakuwa amepunguza umri wa shafti.

Ekseli nzima nayo ina masharti yake. Inapoinuliwa, ile fimbo iliyokingama ili kuizuia isisogee kando huivuta upande mmoja, hivyo fimbo inayoweza kurefushwa huhitajika. Mabomba ya breki pia lazima yakaguliwe kuhakikisha kwamba hayavutiki magurudumu yanaponing'inia.

Isitoshe, katika makundi yote matatu, kuinua pua hubadilisha mlalo wa mhimili ambao gurudumu huuzunguka linapokata kona. Mhimili huo hulala nyuma kidogo, kama uma wa mbele wa baiskeli, na mlalo huo ndio huufanya usukani ujirudishe katikati wenyewe. Ukipungua, gari huanza kutangatanga barabarani na dereva hulazimika kulirekebisha kila mara. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwenye lami, hilo ni jambo la kuhatarisha maisha.

PIMA UZITO KABLA YA KUNUNUA

Springi huchaguliwa kwa uzito, si kwa sura. Bampa ya chuma ya kujikinga na wanyama na vichaka huweza kuwa na kilo 40 hadi 70. Winchi huongeza kilo 25 hadi 40, na betri ya pili takriban kilo 20. Gari lenye vyote hivyo huweza kuwa limebebeshwa zaidi ya kilo 100 mbele ya ekseli, mzigo ambao springi za kiwandani hazikukusudiwa kuubeba daima.

Watengenezaji wa springi imara huziuza kwa viwango: zile za gari lisiloongezewa kitu, za nyongeza ya takriban kilo 50, na za kilo 100 au zaidi. Kosa la kawaida ni kununua zile ngumu kabisa kwa imani kwamba ugumu ndio uimara. Springi ngumu chini ya gari jepesi haibonyei. Kishindo chote hupitishwa kwenye chesisi, kwenye boljointi na kwenye mgongo wa dereva, na tairi huruka badala ya kuifuata ardhi.

Kabla ya kununua, inafaa kupima umbali kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa matilaba ulio juu yake, gari likiwa limesimama mahali tambarare na kubeba kile linachobeba siku zote. Vipimo hivyo viandikwe. Vitaonyesha kama springi za sasa zimelegea, kama upande mmoja umelala kuliko mwingine, na baada ya kazi vitathibitisha kama fundi amefanya alichoahidi.

Wengine huvutiwa na magari ya mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanzishwa 1989 ili kuchangisha pesa za uzio wa Aberdare, ambapo washindani hukata nyika na miamba wakitafuta kufika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Magari hayo hayafai kuwa kielelezo cha pikapu ya biashara. Huundwa kwa kazi ya siku moja, hukaguliwa kila mara, na wengi wa wanaoyaendesha huandamana na mafundi. Pikapu ya mwenye duka la Loiyangalani inapaswa kufanya kazi mwaka mzima.

KAZI YA FUNDI

Vipuri bora vikifungwa vibaya huharibika sawa na vibovu. Jambo la kwanza la kukagua ni bushi, zile pete za mpira zilizo kwenye maungio ya mikono ya magurudumu. Zikiwa zimepasuka, hakuna springi itakayolifanya gari litulie. Usipoziba ufa utajenga ukuta: bushi iliyochakaa huacha mkono uchezecheze hadi tundu la boliti kwenye chesisi lipanuke, na hapo kazi huwa ya kuchomelea.

Jambo la pili hupuuzwa na mafundi wengi. Boliti zinazoshikilia bushi za mpira hazipaswi kukazwa gari likiwa juu ya jeki huku magurudumu yakining'inia. Zikikazwa hivyo, mpira hujisokota pindi gari linaposhushwa, ukabaki umesokotwa daima na kuchanika kabla ya wakati wake. Zinapaswa kukazwa kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, likibeba uzito wake lenyewe.

Jambo la tatu ni usalama wa fundi mwenyewe. Springi ya koili iliyobanwa ina nguvu za kuua. Kuifungua bila kifaa maalumu cha kuibana, au kuifunga kwa kamba na minyororo, ni kucheza na mauti.

Kazi ikikamilika, magurudumu lazima yanyooshwe kwa mashine na taa za mbele zishushwe upya, maana pua iliyopanda huwamulika usoni madereva wanaokuja. Baada ya kilomita 500 hadi 1,000, boliti zote zikaguliwe na kukazwa tena. Springi mpya hushuka kidogo katika kipindi hicho, kwa hivyo unyooshaji wa magurudumu nao hufaa kurudiwa.

Ni vyema pia kuifahamisha kampuni ya bima kuhusu mabadiliko hayo. Magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), na gari lililobadilishwa ovyo huweza kukataliwa.

ANZIA WAPI?

Kwa mwenye bajeti finyu, mpangilio ufuatao utamfaa. Kwanza, bushi na boljointi zilizochakaa. Pili, shokomzoba nne mpya zinazolingana na kazi ya gari. Mbili za mbele zibadilishwe kwa pamoja, kwani kuchanganya nzee na mpya hulifanya gari livute upande mmoja linapofunga breki. Tatu, springi zinazolingana na uzito uliopimwa. Kuinua gari huja mwisho, na mara nyingi mwenye gari hugundua kwamba hakuhitajiki tena, kwa sababu springi mpya zimelirejesha gari katika urefu ambao lilikuwa limeupoteza.

Kuna pia dawa ambayo haigharimu chochote. Kupunguza upepo wa matairi kabla ya kuingia kwenye changarawe, kwa mfano kutoka pauni 35 hadi 25 kwa kila inchi ya mraba ikiwa mzigo si mkubwa, hulifanya tairi lenyewe limeze sehemu ya vishindo. Sharti ni kwamba mwendo upunguzwe na upepo urejeshwe gari linapofika kwenye lami, kwani tairi lenye upepo mdogo hupata joto kali na huweza kupasuka.

Mwisho, dereva asimame mara kwa mara na kukagua shokomzoba bila kuzigusa kwa mkono mtupu. Ile yenye mafuta yanayotiririka imekufa. Ile iliyo baridi ilhali wenzake wanachoma haifanyi kazi. Ukaguzi huo huchukua dakika mbili kando ya barabara, na unaweza kumwondolea msafiri usiku wa kulala nyikani.